Ijumaa Bila Maziwa

Chepseon, 9 Septemba 1972

Baba yangu mpendwa,

Tangu tukuzike ni miezi mitano. Mvua ya mawe imepiga chai mara mbili, majani yakatoboka, lakini sasa yanachipuka tena, na mimi ndiye ninayebeba kikapu chako. Kamba zake nimezifupisha. Mama ni mzima.

Ninakuandikia kwa sababu kuna jambo linanizunguka kichwani, na mtu wa kumuuliza ni wewe.

Unajua zile Ijumaa zako. Sisi tulikunywa chai ya maziwa, wewe ya rangi, tangu asubuhi mpaka unalala, kwa ajili ya kujikana. Nilipokuwa mdogo nilikuuliza, "Mungu anapata nini ukikosa maziwa?" Ukacheka. "Yeye hapati kitu. Mimi ndiye ninajifunza." Hukusema unajifunza nini.

Basi ulipokufa nikazichukua Ijumaa zako. Nilitaka kujua. Na ni ajabu, Baba: siku nyingine siyakumbuki maziwa kabisa, lakini Ijumaa ikifika saa nne, nikiwa katikati ya mistari ya chai, ninayawaza kama mtoto mchanga. Hata kwako ilikuwa hivyo?

Ijumaa moja mwezi uliopita akaja Kogo Tabutany, yule nyanya wa Kipsigis wa upande wa pili wa ua wetu. Wakati wa matanga alikuwa mgonjwa, basi hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya kutupa pole. Alileta kibuyu cha mursik, maziwa yake ya kugandisha yenye mkaa. Nikamwambia, kwa upole nilivyodhani, "Kogo, leo sinywi. Ninafuata njia ya Baba."

Akanitazama. "Baba yako alikuwa anakunywa. Ijumaa pia."

Nikamwambia si kweli. Ndiyo, nilimwambia hivyo mama mzee, mlangoni petu. Akabeba kibuyu chake akaenda, na tangu siku hiyo akawa anapita njia ya mbali kwenda mtoni ili asituone.

Mama aliposikia alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi, kisha akanikaripia. Akanieleza kwamba tulipohamia hapa kutoka magharibi, ulimkatalia Kogo hivyo hivyo, naye akadhani unaogopa mkono wake, kwamba wewe mgeni unamshuku atakudhuru. Siku hiyo hiyo ulirudi kwake ukaomba kile kibuyu mwenyewe. Ukamwambia Mama, "Nilidhani nimejinyima mimi, kumbe nimemnyima yeye." Tangu hapo ulikunywa kila alipokumiminia. Na mzee mmoja wa kanisa alipokuona Ijumaa na weusi wa mkaa kwenye masharubu, akakuita mnafiki mbele ya watu. Ukanyamaza.

Kwa nini ulinyamaza, Baba? Hilo nimelifikiria kuliko maziwa. Kuacha jina zuri kulikuwa kugumu zaidi? Na mimi, nilikuwa ninajikana kweli, au nilipenda tu watu waseme, huyo ni binti wa fulani?

Nikaamua kwenda kuomba msamaha. Nakiri nilitaka kwenda leo Jumamosi, nimpate Kogo na Ijumaa yangu nisiipoteze. Lakini jana, Ijumaa yenyewe, nikashika njia kabla sijabadili nia. Nilimkuta nyumbani kwake, nikamwomba mursik.

Kogo hakuwa na haraka. Alitikisa kibuyu, akatikisa, huku akiniangalia. "Leo Mungu yako amekuruhusu, ama umetoroka?"

"Nimekosa, Kogo. Nipe."

Akamimina mpaka kikombe kikafurika. "Maliza yote. Umekuwa mwembamba kama kamba ya ng'ombe."

Nikamaliza. Ni kali, Baba! Nikamuuliza mlikuwa mnaongea nini hizo Ijumaa zote. Akasema ulikuwa unauliza majina ya ng'ombe wake tu, halafu wiki ijayo umeyasahau, unauliza tena. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa shuka.

Hayo sikuyajua. Ni mangapi mengine sikuyajua?

Pumzika, Baba. Ninakuahidi Ijumaa nitazishika, na Kogo akinimiminia nitakunywa, hata nikisemwa. Na kama huko watu huwakumbuka waliobaki, unikumbuke.

Binti yako,
Rasoa