Makofi Niliyomwombea Ngalula

Jumatano. Baridi ya kiangazi imeukamata mji wa Likasi tangu asubuhi, na leo najichukia.

Pale mtaa wa Panda ninawafundisha akina mama wa parokia namna ya kuwasikiliza watu waliopitia mateso makubwa. Kila siku tunafanya igizo: mmoja anakuwa mwenye kidonda, mwingine mshauri. Na kwa kuwa sisi ni watu wa hapa, anayemaliza lazima apigiwe ban, yale makofi ya mpangilio tuliyozoea tangu shuleni.

Leo ilikuwa zamu ya Ngalula, mama mpole anayeuza unga sokoni, mtoto wa Wakasai, watu waliotoka mkoa wa Kasai. Nilimwambia abuni kisa chochote. Akasimulia miaka ile Wakasai walipofukuzwa Katanga: familia imelala stesheni ikingoja treni, mtoto mchanga anaharisha, analia, kisha halii tena. Mikono yake ilikuwa imekunjwa kifuani kama bado imebeba kitu. Machozi yakamtoka.

Nami, mwalimu wa kusikiliza, nikawaza: kumbe huyu anajua kuigiza!

Nikasimama nikamwombea ban, tena mara tatu. Wenzake wakapiga kwa furaha. Ngalula akainamisha kichwa, nikadhani anashukuru. Tukaenda kula bukari, ugali wetu wa huku.

Alinifuata nikiwa naosha mikono. Hakupandisha sauti.

"Mama, ile haikukuwa mchezo. Ule mutoto alikuwa ndugu yangu. Minye ndjo nilikuwa namubeba."

Nilimwomba msamaha mbio mbio, nikisema sikujua, sikujua. Hata hapo nilikuwa najitetea mwenyewe. Akajibu kwamba si kitu, akajifunga kitenge chake vizuri, akarudi nyumbani.

Somo la mchana lilihusu kunyamaza mbele ya uchungu wa mtu. Nililifundisha lote, bila aibu. Nyani haoni kundule.

Mimi pia nilikuwa mtoto hapa miaka ile, ila sisi hatukufukuzwa. Nilikuwa nikiwaona watu wale stesheni nilipokwenda shule, nikapita tu. Labda ndiyo sababu niliona wepesi kudhani ni hadithi tu.

Naogopa hatarudi. Naogopa zaidi kwamba hatamwambia mtu mwingine tena.

Kesho, kabla ya somo, nitakwenda kwake, bila maelezo yoyote mdomoni. Akinifungulia, nitakaa. Asiponifungulia, ana haki.

Mtoto yule alikuwa na jina. Sikuuliza. Nilimpigia makofi.