Kadi Iliyokwenda Kazini Bila Mimi

Jumatatu, 4 Machi

Kwangu mimi mwenyewe, mwosha mashuka wa chumba cha klorini.

Salaam, na pole kwa kuugua.

Dhumuni la kumbukumbu hizi ni kuhifadhi, kwa lugha iliyonyooka, namna nitakavyodai likizo yangu ya ugonjwa, ili siku nikiulizwa nisibabaike. Wenzangu wa kiwanda hiki cha kufulia nimewaandikia barua nyingi – za likizo ya uzazi, za kuomba glavu, hata moja ya posa. Shauri langu mwenyewe sijapata kuliandika. Ndilo hili.

Wiki nzima iliyopita nilikuwa kitandani. Kifua! Nikivuta pumzi, ndani kunalia kama mlango usiotiwa mafuta. Tabibu wa zahanati alinisikiliza mgongoni, akanipiga picha ya mapafu, akaandika cheti: nipumzike, na kisha – hapa alipigia mstari – nisirudishwe kwenye klorini. Akaniambia bila kupepesa macho kwamba nikirudi kule, safari nyingine huenda asiwe na la kuandika.

Leo asubuhi nimekiwasilisha cheti ofisini kwa mikono miwili, pamoja na barua ya maombi. Afisa utumishi, mama mpole wa sauti na mkavu wa macho, alisoma, akafungua kompyuta, akakunja uso. Kadi yangu ya mahudhurio, akasema, imegongwa wiki yote hiyo, asubuhi na jioni.

Nikasema haiwezekani.

"Mashine haiumwi, baba," akasema. "Wala haina rafiki."

Nikatoka pale hadi ukutani, nikaikagua kadi yangu. Imegongwa kweli!

Jumanne, 5 Machi

Nimemjua aliyegonga. Hata sikuuliza, kaja mwenyewe kudai shukrani. Ni shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, mtu wa pasi, ambaye kiwanda kizima humwita Kelele.

Yafaa nieleze, ijapokuwa msomaji ni mimi peke yangu. Kwetu kuna desturi ya kugongeana kadi. Mwenzako kiuno kimekataa kuamka, au mtoto wake kachemka homa – unaichukua kadi yake pale ukutani, unaigonga pamoja na yako, na kazi yake mnagawana kimyakimya. Haombi mtu, wala hakatai mtu. Ilianza kwa sababu likizo ya ugonjwa humu ni ya kusomwa ubaoni tu. Ukiidai, utazungushwa hadi upone au uzikwe.

Basi Kelele aliiona kadi yangu inaning'inia peke yake, akaionea huruma.

"Shemeji, nimekuokolea mshahara mzima, na hata soda hujaninunulia!"

Nikamjibu kwamba mshahara ameuokoa, kifua amekizika. Kwa kumbukumbu za kiwanda mimi sikuugua hata dakika. Na asiyeugua haondolewi kwenye klorini. Akanyamaza. Kelele kunyamaza – hilo nalo liandikwe.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeitwa. Afisa utumishi mbele yangu, msimamizi wa zamu ubavuni mwake. Huyu msimamizi kila asubuhi hupita akihesabu vichwa; pengo langu aliliona kwa macho yake mawili. Leo macho hayo yalikuwa yakikagua viatu.

Afisa akaniwekea mtego mezani kama anavyoweka kikombe cha chai. Nichague. Kama nilikuwepo, cheti ni cha kughushi, nami nitafute kazi kwingine. Kama sikuwepo, nimtaje aliyegonga, afukuzwe leo hii, ndipo likizo yangu ipelekwe mbele.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikasimama, nikafunga kifungo cha shingoni, nikaanza: kwa heshima na taadhima, na pasipo kuathiri haki zangu nyingine zozote –

Akainua kiganja. "Kiswahili chako kizuri mno, baba. Sasa jibu swali."

"Sikuwepo," nikasema. "Niliumwa. Jina sitoi."

Sijapata kutamka maneno machache kiasi hicho ndani ya ofisi. Nimepewa hadi Jumanne, mbele ya meneja. Na wakati nikisubiri, nimerudishwa wapi? Klorini! Nimejifunga kitambaa puani, nimekohoa hadi machozi yakachuruzika. Msimamizi alipita, akaniuliza kama nimekumbuka jina. Nikamwambia kumbukumbu yangu imeingia maji.

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu amejua. Nilikuwa nimemficha, si kwa hila, bali nilikuwa bado natafuta namna ya kulieleza. Kaka yake akamweleza kabla ya kuvua viatu mlangoni.

"Kwa hiyo nichague mume au ndugu?"

Nikasema shauri lenyewe halijafikia hatua hiyo.

"Acha shauri! Zungumza na mimi kama mkeo, mimi si kaunta!"

Akashauri nikubali tu kwamba nilikuwepo. Nakala ya cheti niliyobaki nayo niichane. Watu wanaishi na vikohozi. Aliyasema hayo akiwa ananisugua mgongo, maana nilikuwa nakohoa, na mkono wake ulikuwa unasikia yote yaliyomo humo ndani. Baadaye nikamwona ameitoa nakala hiyo chini ya godoro, ameitia katika mfuko wa nailoni, amefunga fundo.

Kelele alipomaliza kula akasimama katikati ya sebule, akatangaza anakwenda kujitaja. Amechoka, asema, kunyoosha mashuka ya watu wanaolala. Nikamkatalia. Atafukuzwa yeye, na mgonjwa ajaye atakwama palepale nilipokwama mimi. Nikamweleza nililokuwa nalo moyoni: Jumatatu mtu asimgongee mtu. Kadi ziseme kweli siku moja, wakubwa waone kiwanda chao kina wagonjwa wangapi. Tayari nilikuwa nimeandika waraka wa kuwasihi wenzangu. Akausoma, midomo inacheza.

"Shemeji, wakifika aya ya pili watakuwa wamestaafu. Niachie mimi."

Jumatatu, 11 Machi

Kelele alisimama getini tangu mapema, akitangaza: Leo kila mtu na kadi yake! Asiyekuja hakuja! Watu walicheka, wengine walinuna. Mama mmoja wa meza ya kukunjia akanijia juu huku ameshika kadi ya mwenzake: mwenzake huyo mguu umevimba kama mto, hivyo akatwe ujira wa siku nzima kwa ajili ya insha zangu?

Nikamwambia siku ya huyo nikatwe mimi. Akafyonza. "Na hicho kifua chako, nacho utakigawa?" Kisha akairudisha kadi ukutani, polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Kengele ilipolia nikatazama ule ukuta. Kadi zisizogongwa zilikuwa zimejipanga, safu hadi safu! Mgeni angedhani watu wamehama. Kumbe ilikuwa siku kama siku zote. Mashine za kufulia zilizunguka, mashuka ya hospitali yakatoka meupe, malori yakapakiwa. Waliokuwepo walifanya kazi ya wasiokuwepo, kama kawaida yetu.

Halafu – nisiharakishe, niandike kwa utaratibu – akatokea msimamizi. Amezing'oa kadi zote ukutani, amezishika kama mcheza karata aliyeshikwa pabaya. Akamwendea Kelele, akamnong'oneza, lakini mvuke ulikuwa umekatika na chumba kizima kikasikia. Agonge hizo, upesi, kabla meneja hajaangalia mahudhurio!

Alijua! Miaka yote alijua! Yule anayepewa zawadi kila mwisho wa mwaka kwa zamu isiyougua!

Kelele akaficha mikono mgongoni. "Mimi, mkuu? Si mnamtafuta mtu wa namna hiyo mumfukuze?"

Meza ya kukunjia ikaangua kicheko. Mama yule akamsaidia: "Mpe yule mwenye zawadi!"

Na msimamizi, mbele yetu sote, akazigonga mwenyewe. Moja baada ya nyingine. Jasho linamtiririka na pasi wala hakushika.

Jumanne, 12 Machi

Naandika kwenye benchi la korido. Wamenitoa nje wajadiliane.

Meneja aliuliza lilelile, nikajibu lilelile. Kisha akauliza kama namjua mtu yeyote, awaye yote, aliyewahi kugonga kadi isiyo yake. Msimamizi uso ukamsawijika. Nilimtazama, naye akanitazama. Jina lilikuwa limekaa juu ya ulimi, tamu kama asali. Nikalimeza. Nikasema sikuja kumshitaki mtu. Nimekuja kudai ugonjwa wangu.

Sasa hivi msimamizi ametoka na karatasi iliyochapwa. Nisome, nisaini, yaishe. Inasema mashine ya mahudhurio ilipata hitilafu, kwa hiyo upelelezi wa kadi umefungwa. Inasema mfanyakazi alikuwa kazini wiki yote na atalipwa kamili. Cheti kinaondolewa jaladani.

"Saini, bwana wee," ananong'ona. "Shemeji yako kapona. Wewe unapata chako. Mimi napumua."

Yeye anapumua!

Mwisho wa korido Kelele yuko na toroli la mashuka, anajifanya gurudumu limekwama. Ananionyesha kwa kidole: saini, saini. Hata mke wangu, nadhani, angesema hivyohivyo. Kalamu ilikuwa mkononi. Nakiri ilitelemka hadi ikagusa karatasi. Hakuna wa kufukuzwa, mshahara kamili – na kesho asubuhi, kitambaa puani, klorini, kama mtu ambaye hajawahi kuugua.

Nikaigeuza karatasi. Nimeandika nyuma yake kwa mkono wangu, bila heshima na taadhima, maana nafasi ilikuwa ndogo na pumzi nayo ndogo. Msimamizi kaisoma, kanitazama kama mwendawazimu, kaingia nayo. Mlango umefungwa. Toroli halisukumwi tena. Nainakili hapa neno kwa neno:

Mashine ni nzima. Mapafu yangu ndiyo mabovu. Nilikuwa mgonjwa, na cheti mnacho mezani. Naomba uamuzi leo: mnanitoa kwenye klorini, au hamnitoi?