Hodi Tatu Kwenye Kihenge

3 Februari

Shikamoo Baba,

Habari za huko? Mgongo je, bado unakusumbua ukipanda ngazi? Sisi hatujambo, ila mjukuu wako ameng'oka jino na anadai wewe ndiye utakayemletea jingine. Naandika kwa sababu simu na wewe ni kazi bure, masikio yako yameshaliwa na mashine za kiwandani.

Nimekufungia jarida. Ukurasa wa tisa ni wangu sasa, kila mwezi: mambo mapya kazini na ushauri kwa wataalamu, awe muuguzi, mhasibu, fundi wa ujenzi au mpishi wa hoteli. Baba, nimekuweka humo. Sikukutaja, nimesema tu "opareta mmoja ninayemjua". Nimeeleza unavyopiga hodi tatu kwenye kihenge cha nafaka kabla ya kuwasha parafujo ya kuvutia nafaka chini, wakati skrini mbele yako imeshaonyesha kwamba waliomo ndani ni sifuri. Nikaandika: usipige hodi kwenye nyumba ambayo mashine imeshakuambia haina mtu. Mhariri alicheka mpaka machozi yakamtoka. Natumaini na wewe utacheka.

Binti yako

19 Februari

Marahaba mwanangu,

Jarida limefika, nami ni mzima, mgongo ni ule ule. Jino nitalitafuta. Nimecheka, lakini nusu. Mama yako angekuwa hai angelitembeza jarida mtaa mzima. Mimi nimelitembeza kantini, na meneja ameukata ukurasa wako akaubandika kwenye ubao wa matangazo.

Sasa nikurekebishe, maana umeandika kama mtu aliyekiona kihenge kwenye picha. Mimi sipigi hodi kwa mashine. Kuna mtu huingia mle kuvunja mabonge ya nafaka yaliyoganda ukutani, na parafujo ikiwaka huku yeye yumo, nafaka inamvuta chini, hamalizi dakika. Skrini inahesabu kadi tunazogusisha mlangoni tukiingia, haihesabu watu. Kadi yenye vumbi la unga haisomi, na mwenye haraka haisugui. Ndiyo maana naita hodi, halafu naweka kiganja kwenye bati. Sisikii, ni kweli, ila aliyemo hugonga na kiganja kinasikia. Miaka ishirini na sita nimefanya hivyo, na mara nne nimegongewa.

Meneja anasema dakika zangu mbili ni hasara, na siku hizi ananiita Bwana Hodi. Anayeingia ndani sasa ni baba yako mdogo Kipisi. Anakusalimu, anasema alipokuwa akikupeleka shule kwa baiskeli hakujua amebeba mshauri wa wataalamu.

Baba yako

2 Machi

Shikamoo Baba,

Huku wazima, pole na mgongo. Barua yako nimeisoma mara mbili na nimeogopa, ila si kwa ajili ya kihenge. Mimi naongea na mameneja kila wiki. Wakitaka kupunguza watu hawaanzi na wavivu, wanaanza na wanaobishana na mfumo. Wewe umebakiza miezi kumi na minne ustaafu. Kama kadi zina vumbi, waandikie ofisini, hilo ni lao. Wewe fuata skrini. Nitaweka wapi uso wangu nikiwa na baba aliyefukuzwa kwa ukaidi, na mimi ndiye ninayefundisha watu kubadilika? Nakuomba, Baba. Niahidi.

Msalimie sana Baba mdogo.

Binti yako

15 Machi

Marahaba mwanangu,

Natumaini mko salama, na mjukuu anatafuna vizuri. Haya, nimekuahidi. Tangu Jumatatu naangalia sifuri, nabonyeza. Ofisini nimewaandikia kuhusu kadi, wamesema wamepokea. Dakika nilizookoa sijui wamezipeleka wapi, kwangu hazijafika.

Siku za kwanza mkono ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye bati, sasa nautia mfukoni. Kipisi amenuna. Anasema akiingia humo anajiona kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha. Nimemwambia asugue kadi yake.

Baba yako

20 Mei

Shikamoo Baba,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Unaumwa? Kama umeninunia niambie, nijue moja. Mjukuu anakuuliza kila siku.

Huku nina habari njema. Kampuni ya bima imenitafuta nitoe maoni ya kitaalamu. Mfanyakazi mmoja amefia ndani ya mtambo, mahali gani hawakusema, wala majina hawakutaja, ndiyo desturi yao. Swali lao ni hili: opareta aliyewasha mtambo kwa kutegemea skrini peke yake, ana kosa? Nimeandika kurasa mbili. Nimesema lawama ni yake, kwa sababu mtaalamu wa kweli haikabidhi skrini uhai wa mwenzake. Najua utanicheka. Hata mimi nilipomaliza niliona nimeongea kama wewe. Kumbe yale uliyoniandikia yaliniingia.

Nijibu, Baba, hata mstari mmoja.

Binti yako

11 Juni

Mwanangu,

Sijambo, kwa maana kwamba natembea. Barua zako zote tatu nilizipata. Nilikosa pa kuanzia, na jamaa niliwakataza wasikupigie simu, nilitaka uisikie kwangu.

Kipisi amefariki. Ilikuwa tarehe tisa Aprili, saa nane na robo mchana. Kadi yake haikusoma, naye akaingia. Skrini ilisema sifuri. Nikabonyeza, na mkono wangu mwingine ulikuwa mfukoni. Tulimtoa saa tatu baadaye, kwa kukata bati. Upande wa ndani, usawa ule ule niliokuwa naweka kiganja, tulikuta alama za spana yake. Aligonga.

Wiki iliyopita tuliitwa kwenye uchunguzi. Mwanasheria wa bima alisoma maoni ya mtaalamu, kurasa mbili. Nilikutambua kwenye mstari wa pili, kabla hajafika kwenye jina la mumeo uliloweka chini. Ukurasa wako wa jarida haupo tena ubaoni, meneja aliubandua siku ile ile ya msiba. Wakaniuliza kama kuna aliyeniambia niache kukagua kwa mkono. Barua yako ya Machi ilikuwa ndani ya koti langu. Nikasema niliacha mwenyewe, kwa uvivu. Wamenifukuza kazi, na mashtaka yanakuja. Mke wa Kipisi hataki kuniona, na simlaumu.

Nina hasira na wewe, mwanangu, nisikufiche. Lakini uliyowaandikia bima ni kweli tupu, na aliyebonyeza ni mimi. Usiwaandikie tena kunitetea. Una mtoto wa kulea, na barua ile nimeshaichoma.

Mwishoni waliniuliza kama namfahamu huyo mtaalamu. Nikawaambia hapana, huwa namsoma tu kwenye jarida.

Baba yako