Wanakuja kwa Miguu ya Kimutai

Jumatatu, 6 Januari

Mayai, chapati, chai ya tangawizi. Claire hali mayai, na jana hakuniambia. Wageni wa kulipia ni wawili tu, huyu Mwingereza na Pieter wa Uholanzi, lakini wanakula kama kumi. Nimefua shuka zao, nimeanika, upepo wa barabara ya Cheptiret umezipaka vumbi jekundu. Nimefua tena.

Kimutai ametoka nao kukimbia kabla jua halijapanda. Kutoka kitandani alishika ukuta. Alipofika mlangoni alikuwa ameshanyooka kama askari wa gwaride. Ni kisigino. Mume wangu anadhani mimi ni kipofu.

Jumanne, 7 Januari

Leo mezani nimewauliza swali ambalo huwauliza wageni wote. Dunia ni kubwa, mbona Eldoret? Pieter anasema kwao saa hizi ni barafu, hapa kuna jua, na hewa ya huku juu inakomaza mapafu. Tena rafiki yake alikuja akarudi na mbio mpya. Claire alikuwa anachagua kati ya Ureno na Moroko. Halafu akaona video ya Kimutai akicheka kwenye barabara ya vumbi, wageni nyuma yake hoi. Akakata tiketi siku hiyo hiyo.

Ugali wangu hakuna aliyeutaja. Haya. Mama mkwe husema wanapenda boma letu. Boma gani? Wanakuja kwa miguu ya mwanawe, basi.

Alhamisi, 9 Januari

Nimemkokota kwa daktari mjini. Daktari kabonyeza kisigino. Kimutai, uso mkavu. Inauma? Kidogo, akasema. Daktari akanitazama mimi.

Anasema mshipa wa nyuma ya kisigino umeanza kuchanika. Asikimbie hata hatua moja mpaka upone. Ukikatika, mbio zimeisha, za mashindano na za wageni pia.

Mimi ni Mjaluo. Kwetu mtu akiumia analia, majirani wanakuja, mambo yanajulikana. Hawa wa kwao Kimutai walifundishwa jandoni kwamba kisu kikipita usikunje uso, hata kope isicheze. Kimutai alisimama kama nguzo, mama yake husimulia mpaka leo. Sasa ni mzee wa miaka thelathini na minane na bado amesimama pale pale. Nina hasira.

Ijumaa, 10 Januari

Leo amekubali kuwafuata na pikipiki. Pieter uso ulimshuka. Wana adabu zao, lakini walirudi mapema, chai ikiwa haijachemka.

Mchana ujumbe umeingia kwa simu yangu. Kundi la Wajerumani la mwezi ujao. Wanauliza kama bingwa atakimbia nao kila asubuhi, kwa sababu wanaangalia pia nyumba ya mkimbiaji kijana kule Kaptagat. Kimutai alisomea begani kwangu. Andika ndiyo, akasema. Nikakataa. Akaninyang'anya simu, akaandika mwenyewe.

Tangu mialiko ya mbio za ng'ambo ikauke, wageni ndio shamba letu. Karo ya binti yetu Chebet inatoka kwa vile vitanda. Najua. Lakini jamani, mguu ni mguu.

Kesho anakimbia.

Jumapili, 12 Januari

Baada ya kanisa Claire alimwomba mama mkwe ampe mursik siku ya kuondoka. Yale maziwa ya kibuyu yenye masizi ya mkaa. Ameona mabingwa wakinyweshwa wakishuka kwa ndege. Mama akamkagua kutoka viatu mpaka nywele.

"Hiyo maziwa ni ya mtu ameenda mbali akarudi. Huyu ameenda wapi? Ameenda mpaka hapo Cheptiret tu!"

Kimutai akatafsiri kwamba maziwa hayajakomaa. Nilicheka mpaka nikakimbilia jikoni.

Jioni nilimfuata Mama nikamwambia habari ya kisigino. Akasema Kimutai hajawahi kulalamika tangu azaliwe. Alisema kwa fahari. Nikachukua karai langu nikaondoka, maana ningemkosea heshima.

Jumatano, 15 Januari

Umekatika.

Claire ndiye amenisimulia. Walikuwa katikati ya kilima. Kimutai alisimama ghafla akageuka nyuma, kama mtu aliyepigwa teke. Hakukuwa na mtu nyuma. Akacheka. Akawaambia wamalize kilima, atawangoja. Kisha akarudi nao kwa miguu, njia yote, Pieter akichukua video.

Niliwaona kutoka langoni. Anatabasamu. Mguu unaburuta kama kandambili iliyokatika. Akaniuliza kama chai iko, akaketi kwa benchi, na hakuweza kuinuka tena.

Mimi ndiye niliyepiga kelele. Yeye hapana.

Claire alilia, akasema hakujua. Namwamini. Angejuaje? Alipewa kile kicheko alichokatia tiketi. Pieter akauliza kama kuna mtu mwingine wa kukimbia nao kesho. Mimi nilikuwa natafuta funguo za gari.

Ijumaa, 17 Januari

Amepasuliwa, ameshonwa. Daktari anasema atatembea. Nikamngoja aseme na kukimbia. Akaandika dawa.

Claire na Pieter wameondoka bila mursik. Wajerumani nao wameandika pole nyingi, na vipicha vya maua. Wanaenda Kaptagat. Siwezi kuwalaumu. Mtu akivuka bahari anatafuta kile alichokiona kwa picha, na sisi hatunacho tena. Naogopa. Naandika hivyo hivyo, naogopa.

Jumanne, 21 Januari

Nimemleta nyumbani. Vitanda vya wageni vimetandikwa, hakuna mtu.

Mama alikuwa amesimama langoni na kibuyu. Kile cha shanga, kilichotoka mara ya mwisho Kimutai aliposhinda mbio kule ng'ambo. Nikadhani uzee umemchanganya.

Kimutai akasimama kwa magongo yake. "Mama, sijaleta kitu."

"Si umerudi?"

Akamwekea kibuyu mdomoni. Kimutai akanywa. Masizi yalibaki kwa mdomo wa juu, na hapo uso wake ukakunjika wote, akalia kwa sauti, mbele ya lango, majirani wakisikia. Nilimwangalia Mama nione atasema nini. Alifunga kibuyu polepole, kisha akamfuta mdomo mwanawe na kanga yake. Mimi nilishika magongo.

Tukaingia ndani. Nikasonga ugali. Akala wote, akaomba mwingine.