Mumbere Iko Wapi?

Alhamisi, 2 Oktoba 2025

TV ya jirani Ayaa imepona! Jioni tulijaa kwake wote. Mimi na mtoto mgongoni, Hanifah wa nyumba ya mwisho, na Nobert wangu aliyetoka zamu ya polisi, bado na buti. Kipindi kipya, cha mpelelezi. Picha wamezichukua Fort Portal, barabara niliijua mara moja.

Mpelelezi anaitwa Bwambale. Ayaa akapiga mkeka kwa kofi: "Mama Ruben, bwana yako iko kwa TV!" Tulicheka. Nobert pia alicheka, yeye ni Bwambale Nobert.

Halafu msichana mmoja anamuuliza huyo mpelelezi habari za kwao. Anajibu, mama yangu alizaa mimi peke yangu. Mimi nikaropoka: "Uongo! Kama wewe ni Bwambale, Mumbere iko wapi?"

Ayaa ni Mwacholi, hakuelewa. Nikamweleza. Kwetu Bakonzo jina la mtoto ni zamu yake tumboni. Kijana wa kwanza wa mama ni Mumbere. Wa pili ni Bwambale. Hakuna anayechagua. Wangu huyu ni wa kwanza, basi ni Mumbere, Ruben ni ya ubatizo tu. Hata wa kwanza akifa, wa pili anabaki Bwambale. Kwa hiyo huyo wa TV anaficha mtu, au waliotunga kipindi hawatujui.

Ayaa akamgeukia Nobert. "Na wewe afande, Mumbere wenu iko wapi?"

Nobert akasema alikufa mdogo. Hilo nalijua, aliniambia zamani, tulipokutana kwenye kizuizi cha daraja la Katunguru. Akasema buti zinanuka, akatoka. Hakuona mwisho. (Mwizi alikuwa fundi cherehani!)


Ijumaa, 3 Oktoba

Utani umeenea kambi nzima. Kwenye bomba Hanifah anamuuliza kila Bwambale anayepita: Mumbere iko wapi? Mmoja akamjibu, iko Kampala anauza simu, unamtaka? Wanawake walimwaga maji kwa kucheka.

Nobert hakucheka. Nafikiri ni mawazo ya kozi. Jina lake limepita, anaweza kwenda kusomea upelelezi! Lakini kwanza afande mmoja atakuja kuuliza habari zetu. Kwao ni wapi, ndugu ni akina nani, mke ni mtu wa namna gani. Mke nitakuwa mzuri! Nimefua pazia.

Akipita, tutatoka kwenye hii nyumba ya mabati ya duara. Joto mchana, baridi usiku, kitanda na jiko vinatazamana. Naona nyumba yenye vyumba viwili. Naiona kabisa, mpaka mahali pa kuweka kabati.


Jumapili, 5 Oktoba

Kitu kimoja. Nobert hamwiti mtoto Mumbere. Hajawahi. Anamwita Afande. "Afande amekula? Afande amelala?" Nilikuwa naona utamu, baba askari anampigia saluti mtoto asiye na meno.

Leo baada ya misa katekista ameandika watoto wa kubatizwa Desemba. Nobert akasema, Ruben. Katekista akauliza, na jina la nyumbani? Nobert akainama kufunga kamba ya kiatu. Kamba ilikuwa imefungwa. Nikasema mimi: Mumbere.

Njiani alimbeba mtoto mpaka kambini, mkono umemshika kichwa kana kwamba kuna mvua.


Alhamisi, 9 Oktoba

Nilisema! Nilisema! Yule wa TV ana kaka. Wameleta mtu kituoni na pingu, amekonda, na mpelelezi akaganda. Wakaangaliana. Bosi wake akauliza, unamjua huyu? Akasema, simjui. Na yule kaka akatazama chini. Hakumtaja. Alimlinda mdogo wake kwa kunyamaza.

Ayaa alilia mpaka leso ikalowa. "Huyu ni mbwa! Damu yake kabisa anasema simjui!" Hanifah akasema, kazi ni kazi, angepoteza kazi. Wakagombana kama ni watu wa jirani.

Nobert alikataa kuingia. Alikaa nje chini ya dirisha, anapiga buti rangi. Nilisikia brashi, shwa shwa shwa. Mpelelezi aliposema "simjui", brashi ikasimama.

Haikuendelea tena.


Ijumaa, 10 Oktoba

Nimemuuliza polepole, wakati anakunywa chai. Nobert, ile brashi ilisimama kwa nini? Akasema hiyo ni sinema tu, Mackline. Akageuza kikombe, akageuza. Halafu akasema: "Mama iko na kahawa mingi mwaka huu. Nenda Karambi ukamusaidie. Enda na mutoto."

Sasa mimi najiuliza. Tangu tuoane kila nikisema twende kwa mama yake, yeye anasema mwezi ujao. Mama mwenyewe ndiye anakuja Kasese kutuona. Leo ananituma kabla sijaomba.

Anachoshindwa kukisema, ananituma nikakione? Au naangalia TV sana.


Jumamosi, 11 Oktoba — Karambi, juu ya Bwera

Nimefika kwa mama mkwe, Feresita. Kahawa nyekundu mpaka kwenye ukingo wa mlima. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, kisha akamtazama mtoto, kisha akatazama nyuma yangu. "Nobert amekutuma yeye?" Nikasema ndiyo, Mama. Akakaa chini.

Uani kulikuwa na mwanaume anageuza kahawa juu ya turubai. Nilifikiri ni kibarua. Mrefu, mkimya. Nilipomsalimu alisimama wima, mikono nyuma, kama anahesabiwa. Nikaona ajabu.

Mtoto sasa anatambaa kama mjusi. Akaingia kwenye kahawa. Mama mkwe akapiga kelele: "Mumbere! Mutoto atakula kahawa!"

Mwanaume akainua kichwa. Akasema: "Nimemuona, Mama." Akamwinua mtoto kwa kwapa, akamkung'uta punje magotini.

Amesema Mama.

Nilisimama na kikapu mkononi. Paji lile ni la Nobert. Masikio yale ni ya mtoto wangu.

Mama mkwe alinieleza wakati tunamenya mihogo, hakuinua macho. Mumbere hakufa. Alishikwa na nyama ya kiboko, yeye na wenzake, ndani ya mbuga upande wa Mweya. Nobert wakati huo ndiyo anaingia polisi. Mjomba mmoja akasema, askari hawezi kuwa na kaka jela, semeni amekufa. "Nilikubali," akasema. "Nilikubali kumuzika mutoto wangu na mudomo tu. Kaburi hakuna. Hapa Karambi batu bote banajua. Ni kule kwenu tu ndiyo alikufa."

Ametoka mwezi wa saba.

Mtoto amelala sasa. Alishika kidole cha baba yake mkubwa mpaka usingizi ukamchukua. Sina hasira. Nilifikiri nitakuwa nayo, naitafuta, siioni. Nina huruma, na sijui nianze na nani.


Jumapili, 12 Oktoba — Karambi

Tumechuma baada ya misa. Mumbere anachuma haraka, anaacha mbichi zote. Nikamuuliza kama anajua kile kipindi. Akacheka, mara ya kwanza. Anakiona Bwera, kwenye kibanda cha video. "Huyo mupelelezi, shemeji, viatu yake safi sana. Anafukuza mwizi kwa matope na viatu inang'aa!"

Nikamwambia njoo Kasese umuone Nobert. Akasema hapana, getini wataandika jina, wataanza kuuliza. "Mwenyewe nilipenda ile nyama. Yeye hakukula hata kipande. Acha apate hiyo kozi."

Nikasema, basi njoo umuone huyu. Ana jina lako. Kila siku nalitaja ndani ya ile nyumba, na baba yake anatoka nje.

Alitazama mtoto sana.


Jumanne, 14 Oktoba

Nimerudi kambini jana. Nobert alinisubiri barabarani. Alimchukua mtoto, akanusa nywele zake. Zilinuka moshi wa kwao.

Nikasema, Mumbere anakusalimu.

Aliketi kitandani. Alikaa hapo mpaka maharage yakaungua kidogo. Akasema maneno ya kufa hakuanza yeye, alianza mjomba. Yeye alirudia mara moja tu, kwa afande aliyemuuliza. Halafu na mwingine. Halafu na mimi, pale darajani, na nilipomsikitikia aliona haya kurudi nyuma. "Nilikuwa nakupenda tayari," akasema, "na ulikuwa unamlilia kaka yangu."

Anataka amalize kozi kwanza, ndiyo aseme. Nikamwambia, Nobert, baada ya kozi utakuwa mpelelezi mwenye uongo mkubwa kuliko huu. Sikupaza sauti. Naye hakupaza. Tulikula sombe ya mama yake, yale majani ya muhogo, akafuta sahani na kidole.

Kabla ya kulala alimwangalia mtoto, mdomo ukafunguka. Nikangoja.

"Lala, Afande," akasema.


Alhamisi, 16 Oktoba

Naandika jikoni, nimepiga magoti, daftari juu ya ndoo. Nisipoandika nitaangusha kitu. Maji hayajachemka.

Asubuhi Nobert alikwenda zamu Katunguru. Saa sita nikasikia Ayaa: "Mama Ruben! Mugeni! Mutu murefu na gunia!" Ni Mumbere. Amekuja! Ameleta kahawa na maharage ya Mama. Getini ameandika jina lake, lote. Alisema anamuona mtoto, anakunywa maji, anaondoka. Lakini akaona kuni zangu ni magogo, akachukua shoka, akaenda nyuma ya nyumba. Mtoto akapiga kelele za furaha kila gogo likipasuka.

Ndipo yule afande wa kozi akaja. Bila simu, bila kitu! Ni mzee, anaitwa Afande Kosiya, Mkonzo wa upande wa Bundibugyo, fulana ya kawaida, miwani kwenye kamba. Nilimpa benchi, akakaa mlangoni kwenye kivuli. Akauliza kwetu. Akauliza kwao Nobert, shamba, mama kama ni mzima. Nilijibu vizuri. Alisifu pazia!

Akavua miwani, akaipangusa, akatabasamu. "Mama, hata mimi naangalia hiyo kipindi ya Alhamisi. Nasikia kambi nzima wanaulizana. Sasa mimi nauliza hapa. Mumbere iko wapi?"

Nyuma ya nyumba shoka likasimama.

Alikufa mdogo. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yanajua njia. Wangapi wameyasema kabla yangu! Nikiyasema tu, Nobert anakwenda kozi, na vyumba viwili, na kabati. Na yule wa nyuma ya nyumba angenyamaza. Najua angenyamaza. Angeruka ukuta wa kambi na angenisalimia bado.

Lakini ni mimi ninayemwita mtoto wangu jina hilo kila asubuhi.

Nikasema: "Iko, afande. Iko nyuma ya nyumba. Anapasua kuni."

Afande hakuandika chochote. Akavaa miwani. "Muite basi tusalimiane."

Mumbere alikuja, mtoto begani, vumbi la kuni kwenye nyusi. Akasimama wima. Mkono mmoja tu nyuma, wa pili umeshika mtoto. Afande akamwambia, keti, mimi si bwana jela. Akamuuliza alifungwa wapi. Mumbere akajibu yote, mpaka kiboko. Sauti ndogo lakini yote. Afande akageukia upande wangu: "Na bwana yako atasema nini nikimuuliza hii swali?"

Nikasema sijui, afande.

"Sasa tutajua," akasema. Akampigia simu Nobert, aje nyumbani. Hakumwambia sababu. Akaniomba chai, akasema sukari kidogo.

Ayaa anachungulia, anauliza kwa mikono nini kinatokea. Namrudishia kwa mikono, omba. Anafikiri nataka kuomba sukari, ameleta sukari.

Pikipiki imesimama getini. Nazijua buti zake, ya kushoto inaburuta. Zinakuja haraka. Zimefika kwa Hanifah. Zimefika kwenye bomba.

Zimesimama.

Kutoka hapa naona mgongo wa afande, naona Mumbere amesimama tena, naona kipande tu cha mlango. Maji yanachemka na siyatoi. Afande anasema, karibu Bwambale, tuko na mugeni hapa. Unamujua huyu?

Mtoto bado yuko begani kwa Mumbere.

Nobert amevua kofia. Ameiweka chini, juu ya vumbi, yeye anayeipiga pasi kila Jumapili. Sasa naona mikono yake miwili imenyooka mbele, na sijui inamfuata mtoto au kaka yake. "Mumbere," anasema.