Ndugu wa Mashine Nyeusi

Jumatatu, 3 Machi

Zimefika. Mashine mbili mpya za gemu, Nyeusi na Nyeupe, zimekaa juu ya kaunta yangu kama wachumba wawili waliofika kwa binti mmoja siku moja. Nimeziazima kwa muuza vifaa ili wateja wazione kabla hawajanunua. Mimi siuzi mashine. Duka langu ni la gemu za mtumba tu — unaleta diski uliyoichoka, unaondoka na iliyomchosha mwenzako. Ndiyo maana mtaa mzima unaniita Dada Diski. Mama naye siku hizi ananiita hivyo hivyo, nyumbani, mezani, bila haya.

Nimesoma masharti ya zote mbili tangu asubuhi, macho yanauma. Nyeupe: diski ni ya aliyeishika. Uza, azima, tupa, shauri yako. Maneno ya kiungwana kabisa! Ila bei yake — kwa pesa hiyo mtu ananunua friji na bado anabaki na ya kuijaza. Nyeusi: bei ya watu, picha kali, lakini diski ikiingia mara ya kwanza inamjua mwenyewe. Mtu wa pili akiiweka, inagoma mpaka ailipie upya kama vile haijawahi kununuliwa.

Maana yake, kila mtu atanunua Nyeusi na mimi nitafunga duka. Fundi akatoa kichwa nyuma ya pazia — anatengeneza pedi za kuchezea na mashine mbovu hapo nyuma, nimempangisha kona — akasema nisianze kulia mapema. Sikuwa nalia. Nilikuwa na mafua.

Jumanne, 4 Machi

Nimelipata! Sharti dogo, chini kabisa, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani: "Mchezo uliotumika unaweza kupewa ndugu bila malipo yoyote."

Ndugu!

Nina hakika huko walikoyaandika walikusudia watu wa nyumba moja: baba, mama, na watoto wao wawili wenye meno mazuri. Kisha wakampa mtu atafsiri, naye alikuwa na haraka ya kwenda kula, akaandika ndugu. Sasa nani katika mtaa huu si ndugu? Kinyozi wa mlango wa pili ananiita ndugu yangu kila siku, hasa akitaka kuazima kiti. Hata yule aliyenigonga na baiskeli mwaka jana alisema samahani ndugu, kisha akakimbia.

Nimejaribu kwa Kinyozi, maana Nyeusi yake ameinunua jana hiyo hiyo. Mashine ikauliza: Huyu ni nani wako? Mzazi, mtoto, mwenzi, ndugu. Nikabonyeza ndugu. Diski yangu ya mpira ikafunguka kwake bila ubishi. Kinyozi akacheza kipindi kizima, mpaka mteja wake, kichwa kimenyolewa nusu, akaja kumtafuta.

Ijumaa, 7 Machi

Foleni. Duka langu lina foleni! Wote wamenunua Nyeusi, wote wanataka undugu. Muuza mkate. Mwenye duka la dawa pamoja na mkewe — wote wawili sasa ni ndugu zangu, sijui ndoa yao inahesabiwaje. Wa mwisho kabisa ni Mwalimu Mstaafu, mzee wa sabini na ushee, anayependa gemu ya mbio za magari na kupinda kona na mwili mzima.

Nyeusi inapanga ndugu kwa zamu ya kusajiliwa. Kwa hiyo Kinyozi ndiye kaka mkubwa, na Mwalimu Mstaafu ni kitinda mimba. Nilidhani atakasirika. Amefurahi ajabu. Anasema maisha yake yote amekuwa kifungua mimba na hakuambulia kitu ila lawama.

Jioni akampita Mama mlangoni, akampa shikamoo. Aliwahi kumfundisha Mama hesabu darasa la tano. Mama akaitikia kwa woga, kisha akaniuliza ninafanya nini hasa hapa dukani.

Jumatatu, 10 Machi

Undugu una gharama. Muuza mkate kachukua diski mbili, nikamdai, akaniangalia kwa huzuni. Yaani ndugu anamuuzia ndugu? Nikamwambia basi na mkate uwe wa bure. Akafikiri. Akalipa. Tangu hapo nimeipata dawa yao.

Ila biashara ipo, siwezi kukana. Rafu zinapumua. Diski zinatoka asubuhi, zinarudi jioni zina alama za vidole vya mafuta.

Fundi amemtengenezea Mama redio tena. Mama anasema haikuwa imeharibika, wala mara ile nyingine haikuwa imeharibika. Nikamwambia anyamaze. Akatabasamu kwa namna ya kuudhi. Haya basi, hapa hakuna anayesoma: nampenda Fundi. Nampenda mpaka nasahau chenji za watu. Limeandikwa, limekwisha.

Jumatano, 12 Machi

Mimi ni mpumbavu.

Fundi alimaliza kutengeneza Nyeusi ya mteja, akataka kuijaribu kwa diski yangu. Lazima naye asajiliwe. Duka limejaa. Kinyozi kaegemea kaunta, Mwalimu anangoja zamu ya pedi, Mama kakalia kiti changu anamenya chungwa. Mashine ikauliza mbele ya wote: Huyu ni nani wako? Mzazi, mtoto, mwenzi, ndugu.

Mwenzi ilikuwa pale pale, juu ya ndugu. Kidole kilikwenda. Kilifika! Mama akaacha kumenya chungwa. Nikaona aibu, ngozi nzima ikachemka, nikateremsha kidole nikabonyeza ndugu.

"Sawa, dada," Fundi akasema, akarudi nyuma ya pazia.

Dada! Watu wote huniita hivyo isipokuwa yeye. Huwa anaimba akifanya kazi, tena vibaya. Leo kimya mpaka nafunga duka. Naona uchungu kama mtu aliyejibania mlango vidole mwenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Nimejaribu kubadilisha. Mashine ikaandika kwa rangi nyekundu: "Ndugu hawezi kuwa mwenzi." Hakuna kitufe cha kusema nilikosea.

Nikapiga simu kwa kampuni. Dada wa huduma kwa wateja akasikiliza yote, akaniomba nirudie polepole. Nadhani aliweka spika wenzake wasikie. Akasema mfumo unakataa. Nikamuuliza yeye binafsi anaonaje.

"Kwa kweli hata mimi nakataa," akasema. "Ndugu yako kabisa?"

Jumamosi, 15 Machi

Mambo mawili kwa siku moja, la kwanza tamu, la pili sijui niliiteje.

La kwanza. Jana, nikiwa dukani, Fundi alikwenda nyumbani kwa Mama. Amesema anataka kunioa, mashine iseme itakavyo, ila anangoja neno langu. Mama akasema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Aliponieleza asubuhi nilikaa chini sakafuni jikoni, nikacheka na kulia kwa pamoja.

La pili. Kwenye mashine zote umetokea ujumbe. Kampuni inashangaa familia yetu kubwa. Inatuma mkaguzi Alhamisi. Akipatikana ndugu mmoja wa uongo, familia yote inafutwa na kila diski iliyopita kwangu inafungwa. Kila diski. Hapo sina duka, nina rafu za vioo vya duara.

Ningekwenda kuzungumza na Fundi taratibu, lakini Mama kwa furaha yake alikuwa tayari amepita kwa Kinyozi kumtangazia uchumba. Kinyozi kauliza kwa nini kaka mkubwa anapata habari mwisho. Akaitisha kikao. Ndani ya duka la Kinyozi, wote wamekaa kwenye vile viti vya kuzunguka, wanaongea huku wanazunguka.

Hoja yao: Fundi ni ndugu yangu, kila mtu aliona nikibonyeza. Nikimwoa — yaani akinioa, nimechanganyikiwa — basi ni ndugu wa uongo, na sote tumekwisha. Nikawakumbusha wenye duka la dawa, mke na mume, wote ndugu. Kinyozi akasema hao waliingia wakiwa wameshaoana, makosa ya zamani yamesamehewa. Mke wa duka la dawa akapiga makofi. Mwalimu Mstaafu aliomba kusema, akaambiwa wakubwa wanazungumza.

Fundi alisimama mlangoni muda wote, akasikiliza. Nami nilikizungusha kiti changu nikautazama ukuta. Kodi ya duka, Mama, hiyo miaka yote ya kufuta vumbi kwenye diski — nilikuwa navihesabu.

Jumanne, 18 Machi

Tunafanya mazoezi ya undugu. Kinyozi ametutungia utoto. Eti tulikulia nyumba yenye mlango wa buluu. Muuza mkate akashikilia kijani, anasema anaukumbuka vizuri. Anaukumbuka! Ikapigwa kura, buluu ikashinda, kanuna mpaka sasa. Tulikuwa na mbwa. Baba yetu alikuwa mkali lakini ana haki. Mwalimu Mstaafu amefundishwa jibu moja tu: "Sikumbuki, nilikuwa mdogo." Analisema vizuri sana, anatikisa na miguu.

Kwa kweli ulikuwa utoto mzuri. Mimi ni mtoto wa pekee, na kuna dakika nilitamani ule mlango wa buluu uwe wa kweli.

Fundi hakuja mazoezini. Kinyozi amekwenda kumwomba nyuma ya pazia kwamba Alhamisi aseme neno moja tu, ndugu, halafu mambo ya ndoa tutayapanga baadaye, labda toleo lijalo la mashine litakuwa na huruma. Fundi kamjibu kwamba ana kazi.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika hapa hapa, nyuma ya pazia, kwenye meza ya Fundi, katikati ya bisibisi. Mkaguzi yuko nje kwenye simu. Nina dakika chache.

Amekuja kijana mpole, suruali imepigwa pasi. Akaingia akasema, "Habari zenu, ndugu zangu." Duka zima likalipuka kwa makofi. Kinyozi akataka kumsajili papo hapo. Maskini kachanganyikiwa, kaomba kiti.

Akatueleza ukweli. Kampuni imeuliza wataalamu wa lugha maana ya ndugu, wataalamu wakaanza kugombana wao kwa wao, mpaka leo hawasalimiani. Neno limewashinda. Kwa hiyo hawatatuuliza utoto wala mbwa. Kila mmoja atasimama tu na kutamka mwenyewe kama ni ndugu yangu au siye. Wote wakisema ndugu, familia inabaki milele. Akikana mmoja, inafutwa yote.

Kinyozi akasema ndugu, kifua mbele. Muuza mkate akasema ndugu, akaongeza kwamba mlango ulikuwa wa kijani. Wenye duka la dawa wakasema kwa pamoja, wameshikana mikono, mkaguzi akaandika kitu na kukifuta. Mwalimu Mstaafu akasema ndugu, kisha machozi yakamtoka, maana hakuwa amebakiwa na yeyote wa kumwita hivyo. Nami nikalia. Nilimwambia mwenyewe, si kwa ajili ya mashine, kwamba ni ndugu yangu.

Amebaki Fundi. Hapo ndipo simu ya mkaguzi ikalia, nikakimbilia huku.

Fundi alikuwa ameketi, amevua aproni, amefunga vifungo vya shati mpaka juu. Akaniuliza nataka aseme nini. Akasema atasema lolote nitakalo, hata ndugu, ila akilisema hilo leo atahamisha meza yake kesho, kwa sababu hawezi kukaa nyuma ya pazia hili akiwa kaka yangu. Hakulisema kwa hasira. Nilitazama rafu kupitia upenyo wa pazia. Nikatazama shati lake. Nikavuta daftari hili nikaanza kuandika badala ya kumjibu, mwoga kama siku ile ya kidole.

Mkaguzi amerudi, amemwita. Fundi ametoka. Namsikia.

"Mimi si —"

Kinyozi amekohoa. Kikohozi kikubwa, cha mtu anayekufa. Muuza mkate kadakia. Sasa wanakohoa wote, duka la dawa zima, hata Mwalimu, na Mama anawafokea wanyamaze. Mkaguzi anasema hakusikia, arudie tafadhali. Anarudia. Wanakohoa tena. Mkaguzi anasema basi mwenye duka aje aseme yeye huyu ni nani wake.

Wananingoja. Pazia linavutwa — ni Kinyozi, ameweka mikono kama anayeomba, ananionyesha rafu kwa kidevu.

Natoka, na leo kidole hakiteremki. Na wakohoe wanavyotaka, mimi nina sauti kubwa kuliko —