Muuzaji wa Kichina Aliyeitika Karibu

Zuwena mjukuu wangu, assalamu alaykum. Afya yako vipi na baridi ya huko Amerika? Sisi hapa Ibra, Omani, tu wazima, alhamdulillah, na shangazi yako kajifungua salama.

Umeniuliza kama ni aibu kula peke yako kila siku kwenye kiduka cha Wachina. Si aibu, mama. Babu yako alipokuwa akisoma huko nilifuatana naye, na akiwa chuoni nami nilikula peke yangu hivyo hivyo, wali na kamba kwenye kisanduku cha karatasi, baada ya kuuliza kama hawakutia mafuta ya nguruwe.

Siku moja nikapiga bismillahi, na kwa mazoea ya kwetu nikamwambia bibi muuzaji, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, "Karibu tule." Kwetu mtu hujibu "starehe" akaenda zake. Yeye akavuta kiti, akakaa!

"Tangu nifungue duka hili," akasema, "hakuna aliyeniambia hivyo. Kula basi, mbona umekonda?" Akanisogezea na mboga zake.

Mpaka leo nastaajabu. Nilidhani mpweke ni mimi tu.

Huko kwako nani anauza? Hebu mkaribishe, kisha unijibu upesi, nijue kama alikaa.

Bibi yako